Uso chini ya barakoa: chunusi, weusi na tyubu ya duka la dawa

Wifi yangu ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku hupitia kwetu kunywa chai kabla hajaenda kulala, na kitu cha kwanza ninachokiona akivuka kizingiti ni mstari usoni. Unaanzia juu ya mfupa wa pua, unateremka mashavuni pande zote mbili na kupotelea chini ya masikio, mfano wa mtu aliyelalia ukingo wa mkeka. Asubuhi moja hakungoja hata chai imiminwe.

"Wifi, hebu niangalie. Hizi chunusi za barakoa zimenimaliza."

Nikamsogeza dirishani penye mwanga. Juu ya pua ngozi ilikuwa imechubuka na kung'aa kama iliyopakwa vanishi. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kidonda chembamba, upana wa kamba ya barakoa kabisa. Kwenye taya na kidevu alikuwa na chunusi za kweli, nyingine zimeiva usaha. Kuzunguka mdomo kulikuwa na vipele vidogo vidogo vilivyobanana, vikavu, vinavyochomachoma, ambavyo havikufanana na vile vya taya hata kidogo. Na katikati ya hayo yote, madoa meusi ya chunusi zilizokwisha kupona zamani.

Hesabu mwenyewe: matatizo manne, na madoa ni la tano. Yeye aliyaita yote kwa jina moja, na kwa kuwa jina ni moja, dawa nayo ilikuwa moja: krimu ya tyubu aliyouziwa dukani bila cheti cha daktari, anapaka usiku na asubuhi.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na swali lake nimeulizwa kwa namna nyingi tangu 2020. Je, barakoa inaharibu uso? Ikivaliwa saa nyingi mfululizo, ndiyo, inaisumbua ngozi, na ushahidi wa hilo upo wa kutosha. Usumbufu huo lakini karibu wote hupona. Uharibifu unaokaa miaka, kwa niliyoyaona, mara nyingi huletwa na kile mtu alichojipaka akitaka kuuondoa.

Wapo watakaosema habari ya barakoa imepitwa na wakati. Kweli, Kenya iliacha kuwalazimisha watu kuzivaa maeneo ya wazi Machi 2022, baada ya kipindi ambacho kukamatwa bila barakoa kungeweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 20,000, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini nenda wodi ya kifua kikuu, nenda maabara, nenda saluni ya kucha, nenda kwenye mashine ya kusaga mahindi ambako msagaji anatoka mweupe hadi kope. Mkoani Kagera, Tanzania, virusi hatari vya Marburg vilipozuka mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, barakoa zilirudi kwa wahudumu wa afya. Hawa hawavai nusu saa ya kwenye daladala. Wanavaa saa nane, saa kumi, na nyuso zao ndizo tunazozizungumzia.

Ngozi ni paa la makuti

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokwisha kufa, bapa, zimelaliana kama makuti juu ya paa. Katikati yake kuna mafuta yanayozigandisha pamoja. Paa likiwa zima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na vijidudu vya nje haviingii. Mwili hulibadilisha lote kwa muda wa karibu mwezi mmoja: kuti la juu linapukutika, la chini linapanda.

Usoni, paa hili limetobolewa kwa vitundu vingi sana vya vinyweleo. Kila kitundu kina tezi yake ya mafuta pembeni. Mafuta yanapanda, yanatoka nje, yanailainisha ngozi. Kitundu kikizibwa na seli zilizokufa, mafuta yanabaki ndani, bakteria wanaoishi humo siku zote wanastawi kupita kiasi, ngozi inavimba. Hiyo ndiyo chunusi.

Sasa funika sufuria ya wali kisha uinue kifuniko: maji yanachuruzika. Pumzi yetu hutoka ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi na imejaa mvuke karibu kiasi chote inachoweza kubeba. Bila barakoa, mvuke huo unapotelea hewani. Ukiwa na barakoa, sehemu yake inanaswa na kurudi kwenye ngozi, kila pumzi, maelfu ya pumzi kwa zamu moja. Ngozi inapata joto na unyevu kwa pamoja. Joto la ngozi likipanda nyuzi 1 tu, mafuta yanayotolewa na tezi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Makuti nayo yanalowa na kufura, kama vidole vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi, na yakifura yanabana midomo ya vile vitundu.

Halafu unavua barakoa. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu uso unakuwa na mafuta na wakati huohuo umekauka, unavuta. Wala si ajabu. Paa lililolowa muda mrefu limelegea, kwa hiyo likikutana na hewa kavu maji ya ndani yanakimbia haraka kuliko kawaida. Mama yeyote aliyewahi kulea anakifahamu kisa hiki kwa sura nyingine. Mtoto akikaa na nepi mbichi, ngozi yake inaiva, inababuka, inapata harara. Hakuna anayesema nepi ina sumu. Tunajua ni unyevu, joto na msuguano, na tunajua dawa ya kwanza ni kumbadilisha.

Na barakoa tunaibadilisha? Hapa nitasema ukweli unaouma kidogo. Nimewaona watu wenye barakoa ya karatasi iliyouzwa itumike mara moja, wakaivaa wiki nzima, usiku inalala ndani ya mkoba pamoja na funguo na noti za elfu moja. Wengine huivaa kinyume, kwa sababu mwaka 2020 ulienea uzushi kwamba upande wa bluu unakaa nje ukiwa mgonjwa na upande mweupe ukiwa mzima. Barakoa ya hospitali ina upande mmoja tu wa kuvaa: bluu nje, kwa kuwa imetengenezwa kuzuia majimaji, nyeupe ndani, kwa kuwa inafyonza unyevu wa pumzi. Ukigeuza, ule upande usiofyonza ndio unaolala kwenye shavu lako.

Msuguano una historia yake

Kiatu kipya kikikubana, hulaumu vijidudu. Unajua ni kusugua. Uso nao ndivyo ulivyo. Unaongea, unapiga miayo, unavuta barakoa chini unywe maji na kuirudisha, na kila mara kitambaa kinasugua palepale kwenye taya na kidevu. Msuguano peke yake unaweza kuviziba vitundu na kuamsha chunusi, na jambo hili lilikuwa limeandikwa na madaktari wa Marekani, Mills na Kligman, tangu mwaka 1975. Mifano iliyozoeleka ya chunusi za namna hiyo ni wachezaji wa mpira wa Kimarekani, kwenye kidevu pale mkanda wa helmeti unapofungwa, na wapiga fidla, kwenye shingo pale chombo kinapoegemea. Barakoa imechukua nafasi ya mkanda wa helmeti, basi.

Baadaye ukaja ugonjwa wa SARS, homa kali ya mapafu inayoletwa na ndugu wa virusi vya korona. Singapore iliupata mwaka 2003, na wahudumu wa afya waliovaa barakoa nzito za N95 wakaulizwa habari za ngozi zao. Kati ya 307 waliozivaa, asilimia 35.5 walisema zimewasumbua, na miongoni mwa hao karibu sita katika kila kumi walitaja chunusi, nusu wakataja muwasho. Mwaka 2020, huko Hubei nchini China ambako korona ilianzia, hali ilikuwa nzito zaidi: kati ya wahudumu 542 wa mstari wa mbele, asilimia 97 walikuwa na dhara fulani la ngozi, na mahali palipoongoza ni mfupa wa pua. Namba hiyo ya 97 imezungushwa sana mitandaoni bila maelezo. Humo imo mikono iliyonawishwa na kuvalishwa glavu siku nzima, zimo miwani za kubana, na wahusika walikuwa wakivaa vifaa hivyo kwa saa nyingi. Hatari ilipanda hasa kwa waliozidisha saa 6.

Kwa hiyo mtu anayevaa barakoa dakika ishirini akiwa kwenye foleni ya benki, chunusi zake azitafutie sababu kwingine.

Wanaume wana shida yao ya ziada, na huwa haizungumzwi. N95 haifanyi kazi sawasawa juu ya ndevu, kwa sababu ndevu zinaacha upenyo pembeni, kwa hiyo muuguzi au daktari mwanamume anatakiwa anyoe. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha inarudi ndani kama mwiba, ngozi inavimba kuizunguka, na unapata vile vipele vya ndevu ambavyo vinyozi wanavijua vizuri. Barakoa inakuja kubana juu yake. Anayevaa barakoa ya kawaida anaweza kuziacha ndevu fupi za mashine na akapona. Anayelazimika kunyoa, wembe wa makali mamoja, anyoe kwa kufuata nywele zinakoelekea, na aache kuivuta ngozi kwa vidole. Ile kunyoa kinyume ili uso uwe laini kama wa mtoto ndiyo inayozaa miba.

Pua, masikio, na vitu vilivyomo kwenye barakoa

Turudi kwa wifi. Ile ngozi iliyong'aa juu ya pua haina uhusiano wowote na chunusi. Ni jeraha la mgandamizo, ndugu wa damu wa kidonda cha mgonjwa aliyelala upande mmoja muda mrefu. Mfupa uko chini, waya wa barakoa uko juu, ngozi nyembamba iko katikati na mishipa yake midogo imebanwa, damu haipiti vizuri. Wifi huwageuza wagonjwa wake kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda hivyo. Nilipomwambia kwamba pua yake inahitaji kugeuzwa pia, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Kwenye ngozi nyeusi jeraha la namna hii linachelewa kuonekana. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu, lakini kwetu wekundu unaweza usionekane kabisa. Gusa: kama pamekuwa pa moto, pagumu au panauma kuliko pembeni yake, au pamegeuka rangi ya zambarau au weusi usio wa kawaida, paa limeanza kubomoka.

Kidonda cha nyuma ya sikio ni kamba. Nimeona wauguzi wameshona vifungo viwili vya shati kwenye vitambaa vyao vya kichwani, wanatundika kamba hapo na masikio yanapumzika. Kitu cha bei ya vifungo viwili.

Kuna kundi jingine la matatizo ambalo kwa wifi halikuwapo, ila nililipata mimi mwenyewe. Aprili 2020 nilinunua barakoa tatu za kitenge kwa fundi, nikaivaa moja palepale. Kufika jioni uso unawasha kama niliyepakwa upupu. Kitenge kipya kinatoka dukani na stachi na rangi ambayo haijafuliwa, na ngozi iliyolowa mvuke inaipokea vizuri sana. Nilizifua zote mara mbili, muwasho ukaisha. Wengine wanapata yaleyale kwa sababu ya sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri, au jiki.

Huo unaitwa mchomo: kitu kikali kimeiunguza ngozi, na kingemuunguza yeyote. Mzio, au aleji, ni tofauti. Hapo kinga ya mwili wako wewe imekikataa kitu ambacho jirani yako anakivaa bila shida. Katika barakoa vitu vinavyojulikana kuleta mzio ni kemikali za kutengenezea mpira wa kamba, nikeli kwenye waya wa pua, sifongo ya juu ya pua, na fomaldehaidi inayoweza kubaki kwenye kitambaa. Dalili yake kubwa ni muwasho mkali, unaokuja siku moja hadi tatu baada ya kuvaa, na upele unaochora umbo la kile kilichokugusa. Upele uliofuata kamba tu, mshuku mpira. Uliokaa juu ya pua tu, mshuku waya au sifongo. Kubadilisha aina ya barakoa ni nusu ya tiba.

Weusi, na ile tyubu

Chunusi ya wifi ikipona inaacha doa. Kwa watu wengi weupe linabaki doa jekundu, kwetu linabaki jeusi, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zikishtuliwa na uvimbe zinamwaga rangi nyingi kuliko kawaida. Moto umezimwa, masizi yamebaki ukutani. Doa la juujuu linaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka kufifia, la chini zaidi linakaa kuliko hapo. Ukiminya chunusi unaisukuma rangi chini zaidi.

Kwa mwanamke wa mjini ninayemfahamu mimi, doa linauma kuliko chunusi yenyewe. Chunusi inapita, doa linakaa kwenye picha za harusi ya watu. Na hapo ndipo muuza duka anapotoa tyubu.

Tyubu nyingi za aina hii zina steroidi kali, kama vile betamethasoni au klobetasoli. Ni dawa halali, zinatibu magonjwa halali ya ngozi, zikiandikwa na mtu anayejua wapi na kwa muda gani. Kazi yake ni kuzima uvimbe. Ukiipaka usoni, siku ya pili muwasho umekwisha, siku ya nne uso umetulia na hata umeng'aa. Unasema hii ndiyo yenyewe. Kumbe imezima king'ora na kuuacha moto. Ukiendelea kwa wiki na miezi, inaikondesha ngozi, makuti yanabaki machache, mishipa midogo inaonekana, vinyweleo vinaota mashavuni, chunusi mpya zinatoka zenye sura moja. Na kuzunguka mdomo na pua vinatokea vipele vidogo vilivyobanana, vikavu, vinavyochomachoma.

Vile vya wifi. Barakoa haikuvileta, ingawa ilivichochea. Vililetwa na dawa.

Mtego uko hivi: ukiacha kupaka, vinafumuka kwa hasira ndani ya siku chache. Mtu anaona ushahidi kwamba dawa ilikuwa inamsaidia, anarudi kuipaka, vinatulia, na gurudumu linazunguka tena. Barakoa inaongeza kasi ya gurudumu, kwa kuwa ngozi iliyolowa na kufunikwa hunywa dawa zaidi kuliko ngozi kavu iliyo wazi. Madaktari hutumia ujanja huohuo kwa makusudi wanapotaka dawa ipenye kwenye ngozi nene ya kiganja au unyayo: wanapaka kisha wanafunga nailoni. Kupaka steroidi asubuhi kisha kuvaa barakoa saa kumi ni kujifunga nailoni usoni.

Mkorogo ni tyubu hiyohiyo pamoja na ndugu zake wanaopausha ngozi, haidrokwinoni na zebaki. Vipodozi vyenye viambata hivi vimepigwa marufuku Tanzania, kwa majirani zetu pia, lakini vinauzwa, wote tunajua vinauzwa. Ngozi iliyopaushwa kwa mkorogo ni paa lililokwisha chakaa. Waya wa barakoa unaoacha alama kwa mwingine, kwake unachana. Nimewahi kusikia mtu akilalamika kwamba barakoa imemtoa ngozi ya pua yote kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Barakoa ilikuta kazi imeshafanywa.

Kidogo juu ya mambo mengine yanayopakwa. Ndimu ni asidi kali, ukiipaka na kutoka juani unaweza kuungua na kubaki na weusi mbaya kuliko ulioufuata. Dawa ya meno inakausha kipele na kuunguza kilicho pembeni yake. Kusugua kwa dodoki kwa imani kwamba chunusi ni uchafu ni kuongeza msuguano juu ya msuguano: mafuta ya chunusi yako ndani ya kitundu, dodoki haliyafikii. Nyungu, ambayo 2020 karibu kila nyumba ilijifukiza, haifungui vitundu vya ngozi, maana vitundu havina mlango wa kufunguka na kufungika. Inaongeza joto na mvuke kwenye uso ambao shida yake ni joto na mvuke. Na lile la kwamba ngozi chini ya barakoa "inakosa pumzi" halina msingi. Ngozi inalishwa na damu. Hata hivyo barakoa inapitisha hewa, ndiyo maana unaweza kupumua ndani yake.

Kinachosaidia

La kwanza ni kupumzisha uso. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kiliwashauri watu dakika 15 bila barakoa kila baada ya saa 4, mahali palipo salama. Ninajua wodi zetu zilivyo, muuguzi mmoja na vitanda thelathini, na "mahali salama" ni nadra. Hata hivyo dakika za chai zipo. Zitumie nje, chini ya mti, si ndani ya chumba kilekile.

Barakoa ikilowa, ibadilishe. Ya kitambaa ifuliwe kila siku, isuuzwe mpaka maji yawe safi, ianikwe juani. Pamba inafaa kuliko polista, kwa kuwa inafyonza jasho na ni laini shavuni. Chini ya barakoa usipake fandesheni, hakuna atakayeiona na inaziba vitundu.

Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, kwa vidole, kisha upakwe losheni nyepesi nusu saa kabla ya barakoa. Mafuta ya mgando ni rafiki mzuri wa mahali palipochubuka, lakini yapakwe usiku. Ukiyapaka kabla ya N95, barakoa inateleza na ule mbano unaokukinga unaachia. Na kuvaa barakoa hakukuondolei haja ya krimu ya kuzuia jua, kwa sababu jua linafanya madoa kuwa meusi zaidi, na paji, masikio na juu ya mashavu viko nje. Kwa wenye ualbino hili halina mjadala. Barakoa inafuta krimu kila inapovutwa, kwa hiyo wapake upya. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza 1992 na kusomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, kimewahi kutengeneza krimu ya jua kwa ajili yao hasa.

Kwa chunusi zenyewe, benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo, asilimia 2.5 hadi 5, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Inababua rangi ya nguo, kwa hiyo foronya iwe nyeupe na kanga yako nzuri ikae mbali. Asidi ya azelaiki inasaidia chunusi na madoa pia, ingawa si kila duka linayo na bei yake si ya mchezo. Zote hizi zinahitaji kama wiki nane kabla hujazihukumu. Hilo ndilo linalozishinda sokoni, maana tyubu ya steroidi inaleta majibu kesho.

Ukiwa na vipele vinavyowasha, vyote vya ukubwa mmoja, visivyosikia dawa ya chunusi, huenda ni fangasi wa kwenye vitundu, na vidonge vya kuua bakteria vitawazidishia nafasi. Ukiwa na kidonda kinachotoa maji, uvimbe wa macho, au umeshapaka steroidi zaidi ya wiki chache, hapo ni daktari wa ngozi.

Wifi alikwenda. Aliambiwa aache tyubu, na akaonywa kwamba uso utaharibika kwanza. Uliharibika kweli. Wiki ya pili alinipigia simu saa nne usiku akiwa ameishika tyubu mkononi, anataka nimruhusu apake kidogo tu, pembeni ya mdomo, kuna kipaimara Jumapili. Tuliongea mpaka salio likaisha. Alikwenda kanisani na uso wake ulivyo, kajifunika mtandio. Wiki ya sita vipele vya mdomo vilikuwa vimekauka. Chunusi za taya zilichukua miezi mitatu, na madoa bado yapo, yamepauka kidogo.

Mstari nao upo, kwa sababu wodi ipo. Asubuhi hii alikuja nao kama kawaida, na alipofika kikombe cha pili ulikuwa umeanza kufifia.